Pete ya filamu imewekwa rehani kwangu kwa laki sita: ni dhahabu kweli au nimeliwa?

Fundi Redio (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Naombeni msaada kwa wanaojua dhahabu na pia wapenzi wa sinema, maana jambo langu linagusa pande zote mbili.

Mwezi uliopita jamaa ninayefanya naye kazi alinikopa laki sita. Hakuwa na kitu cha maana cha kuweka rehani, akaniletea pete. Si ya ndoa. Ni ile ya filamu za Lord of the Rings, yenye maandishi ya kupindapinda yaliyozunguka nje na ndani. Imo kwenye kisanduku cha mbao, ina mkufu wake na cheti chenye namba. Kwa maelezo yake ni dhahabu ya karati 18, tena "ni mojawapo ya zile zilizotumika kwenye filamu", kaipata kwa mtu aliyerudi kutoka Uingereza.

Jana kaja tena. Anataka nimwongezee laki nne juu ya pete ileile, ati mwenyewe naijua thamani yake. Usingizi umeniruka tangu hapo.

Niliyoyaona: ndani imegongwa 18K. Inang'aa kama kioo, haina mkwaruzo hata mmoja, na jamaa anasema kaivaa miaka saba. Ni nzito, ukiiweka kiganjani unaisikia. Sumaku niliyoitoa kwenye spika haiivuti. Mizani ya jirani yangu muuza vito imesoma gramu 12.48. Ukipigia hesabu bei ya gramu ya leo, ikiwa kweli ni karati 18 inapita milioni mbili kwa madini peke yake, achilia mbali sinema. Nimpe hizo laki nne?

Bwana Kejeli

Mpe, halafu uivae, si kwenye hadithi anayeivaa haonekani? Shemeji akijua milioni nzima imeishia kwenye pete ya sinema utahitaji sana kutoonekana.

Nakuru Filamu

Ndugu, kabla ya dhahabu tuanze na hiyo hadithi ya "ilitumika kwenye filamu", maana hiyo naweza kuimaliza sasa hivi bila kuiona pete.

Pete za filamu zile zilitengenezwa na karakana ya sonara mmoja mzaliwa wa Denmark, Jens Hansen, katika mji wa Nelson, New Zealand. Alimtengenezea mwongozaji Peter Jackson sampuli kama 15 hivi achague, kisha zikafuata nyingine za kupigia picha, jumla yapata 40 za ukubwa mbalimbali, kwa sababu vidole vya waigizaji havilingani na kuna ya kuvaa na kuna ya kuning'iniza kwenye mkufu. Ipo hata kubwa yenye kipenyo cha sentimeta 20 hivi, ya kupigia picha za karibu. Hiyo haikuwa dhahabu, ilikuwa chuma kilichochovywa dhahabu. Mzee mwenyewe alifariki mwaka 1999, filamu ya kwanza ikatoka Desemba 2001, hakuiona. Wanawe wakaiendeleza karakana.

Sasa sikiliza vizuri. Pete iliyovaliwa mbele ya kamera ilikuwa TUPU. Haina herufi. Maandishi ya moto tunayoyaona kwenye skrini yaliwekwa baadaye kwa kompyuta, kwa sababu hata kwenye hadithi herufi hujitokeza pete ikipata moto tu, vinginevyo ni pete laini kama ya babu yako. Kwa hiyo mtu akikuletea pete iliyochorwa herufi akasema ilikuwa kidoleni mwa mwigizaji, herufi hizohizo ndizo zinazomkana.

(Pembeni kidogo: mwandishi wa hadithi yenyewe, Tolkien, alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Huwa nawakumbusha wanaoniambia nahangaika na mambo ya wazungu.)

Fundi Redio

Nakuru, umenivunja moyo na kunifungua macho papo hapo. Lakini cheti je? Kina namba, kina nembo inayong'aa.

Nakuru Filamu

Kisome tena polepole, halafu utuandikie hapa kinasema nini hasa. Usituandikie ulichoambiwa kwamba kinasema.

Fundi Redio

Nimekisoma na kijana wangu wa kidato cha nne. Kinasema hii ni "nakala iliyoidhinishwa" na kwamba ni bidhaa halali yenye leseni. Neno dhahabu halimo. Neno kutumika kwenye filamu halimo.

Basi tu.

Nakuru Filamu

Ndiyo hivyo. Cheti cha namna hiyo kinathibitisha kitu kimoja tu: aliyeitengeneza nakala alikuwa na ruhusa ya wenye haki. Watu wanakionyesha kana kwamba ni hati ya madini au ushahidi wa kamera. Na hata hapo umeamini kwamba cheti na pete vilitoka kiwandani pamoja. Kisanduku na karatasi huuzwa peke yake, pete nyingine ikatiwa ndani. Angalia kama ile namba ipo popote kwenye pete yenyewe.

Kitu kilichotumika kweli kwenye filamu hufuatwa kwa mnyororo wa wamiliki: nani alikitoa studio, kwa barua gani, kikapita mnada gani, risiti iko wapi. Vitu vingine wataalamu hulinganisha mikwaruzo na picha ya filamu yenyewe, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Upanga unaweza kuulinganisha hivyo, kofia ya chuma pia. Pete laini isiyo na alama, utalinganisha nini? Kwa pete mnyororo wa karatasi ndio kila kitu, na "mtu aliyerudi kutoka Uingereza" si karatasi.

Sonara Mdogo

Nimechelewa, nilikuwa dukani. Mimi ni sonara, baba yangu sonara, Tanga. Sinema siijui, chuma nakijua.

Fundi, sahau sinema kwa dakika moja. Pete yako ni madini, ni kazi ya mikono, na ni jina. Kila kimoja kina bei yake, na tapeli hufanya kazi ya kuvichanganya ili ulipe bei ya jina kwa madini ambayo hayapo. Tuanze na madini kwa sababu hapo ndipo laki sita zako zilipo.

Mhuri wa 18K haunishtui. Mhuri ni kipande cha chuma na nyundo, ninao droo nzima. Mara nyingi karati 18 utaikuta imegongwa 750, maana dhahabu ni sehemu 750 katika 1,000. Karati 14 ni 585, karati 9 ni 375. Ukikuta 925 hiyo ni fedha. Tazama kwa lenzi kama baada ya 18K kuna herufi nyingine zimefutika, hasa GP, ambayo humaanisha ya kuchovya. Watu huisugua kwa msasa laini ibaki 18K peke yake.

Sumaku kutovuta pia si hoja. Shaba haivutwi, fedha haivutwi, na stenlesi ya mapambo kwa kawaida haivutwi.

Uzito ndio wenye maana, lakini uzito peke yake haujasema kitu mpaka tujue ukubwa. Unaweza kupima majini? Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe mizani sifuri, kisha ining'inize pete kwa uzi mwembamba izame bila kugusa chini wala ukingo. Tikisa kidogo mapovu yatoke. Namba itakayosoma mizani ndiyo ujazo wa pete kwa sentimeta za ujazo. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo, utapata densiti, yaani gramu ngapi kwa kila sentimeta ya ujazo.

Fundi Redio

Nimepima mara tatu. Majini: 0.82, 0.83, 0.82. Kwa hiyo 12.48 kwa 0.82 ni 15.2.

Geita Usiku

15.2!!! Mkuu hongera, choma nyama. Dhahabu safi ni 19.3, ya karati 18 ya njano inaangukia kati ya 15 na 16 kutegemea fedha na shaba iliyochanganywa. Ingekuwa shaba ya njano ungepata 8 na nusu. Stenlesi 7.9. Fedha 10 na kidogo. Titani haifiki hata 5. Hiyo pete yako ingekuwa stenlesi ingepima gramu 6 na nusu kwa ukubwa huohuo. Maji hayadanganyi. Mimi nimekaa machimboni miaka, mpe huyo jamaa laki nne yake kabla hajapata mkopeshaji mwingine.

Fundi Redio

Wakuu, mikono inatetemeka. Basi kesho nampa?

Sonara Mdogo

Usimpe hata mia.

Geita, namba zako zote ni sahihi na bado unamtumbukiza mwenzako shimoni. Kuna kitu kinaitwa tangsteni kabidi. Ni unga wa madini uliogandamizwa na kuchomwa pamoja na kobalti au nikeli kidogo ya kuushika. Pete za kiume za siku hizi zimejaa kitu hicho, na densiti yake iko hapohapo, 15 kasoro au 15 na kitu. Yaani kati ya vyuma vyote duniani, kinachouzwa bei ya chakula cha mchana ndicho kinachofanana uzito na dhahabu ya karati 18. Mizani aliyotumia Fundi inasoma hadi 0.01, kwenye 0.82 kosa la pointi moja tu linasogeza jibu karibu 0.2, kwa hiyo maji hayawezi kuvitenganisha viwili hivi. Maji yamemwambia kwamba si shaba wala si stenlesi. Basi.

Na ushahidi aliutoa mwenyewe kwenye posti ya kwanza, sote tukaupita. Jamaa kaivaa miaka saba na haina mkwaruzo hata mmoja. Hakuna dhahabu ya hivyo. Pete yangu ya ndoa ni karati 18, ina mikwaruzo ya funguo, ya sufuria, ya usukani. Dhahabu inatunza kumbukumbu ya kila ilipogusa. Pete inayong'aa kama kioo baada ya miaka saba ya kazi ama haijavaliwa, ama ni kitu kigumu kuliko kila kilichoigusa.

Geita Usiku

Nakubali. Tena aibu yangu, maana huko machimboni tunajua kwamba vipande vya dhahabu bandia hutiwa tangsteni ndani, ile safi, densiti yake 19.25, karibu sawasawa na dhahabu. Sikuwaza kwamba na pete zipo.

Fundi Redio

Duh. Sasa nitajuaje kati ya mbili hizi? Nisiharibu mali ya watu ikiwa ni dhahabu kweli.

Sonara Mdogo

Kwanza angalia ndani ya herufi, kwa lenzi, au piga picha kwa simu karibu kabisa kwenye mwanga wa dirishani. Herufi hizo zimechorwa kwa leza. Pete ikichovywa kwanza kisha ikachorwa, leza inatoboa ngozi ya dhahabu na chini ya mfereji unaona chuma chenyewe. Kwenye karati 18 halisi chini ni dhahabu, inaweza kuwa na masizi ya leza lakini ukipiga mswaki na sabuni inarudi njano. Kwenye tangsteni chini ni kijivu, na itabaki kijivu upige mswaki mpaka kesho.

Pili, ukingo wa ndani upande wa kiganja. Hapo ndipo mchovyo huanza kuchoka.

Ukimaliza hapo ipeleke kwa sonara yeyote mwenye tupa na jiwe la kupimia. Mwambie aguse ndani tu, alama ndogo kama nywele. Dhahabu inaliwa na tupa kama jibini. Tangsteni tupa inateleza, unasikia mlio wa kioo, na pengine meno ya tupa ndiyo yanayoliwa. Kwenye jiwe dhahabu inaacha mstari wa njano ambao utatiwa asidi. Kitu chako, kama ni ninachodhani, kitaacha njano hafifu mara ya kwanza, kisha kianze kulikwaruza jiwe lenyewe. Sonara atakukasirikia. Mlipie soda.

USIIDONDOSHE chini kwa kujaribu mlio. Ikiwa kabidi inaweza kupasuka, na hapo jamaa yako atakudai milioni mbili mbele ya mjumbe.

Nesi wa Zamu

Hilo la kupasuka ni kweli kabisa. Nilishampokea kijana kidole kimevimba, pete haitoki. Kile kimsumeno chetu cha kukatia pete kilizunguka mpaka kikapata moto, pete haina hata alama. Daktari akaagiza koleo la kubana la fundi, akaibana kidogokidogo, ikapasuka vipande kama kikombe. Ya dhahabu tungeikata dakika mbili. Kwa hiyo anayezivaa ajue: hazikatwi, zinavunjwa.

Muscat Kwetu

Na hazipunguzwi wala haziongezwi. Huku wateja wanazileta wakidhani sonara ataipanua nusu saizi. Dhahabu inapanuka, inakatwa, inaungwa. Kabidi unanunua saizi yako au unaiacha dukani. Fundi, hicho nacho ni kipimo cha bure: muulize jamaa kama amewahi kuipunguza. Akisema ndiyo, ameshasema uongo au pete si kabidi.

Nakuru Filamu

Tukiwa tunasubiri tupa, niseme kuhusu kazi ya mikono, maana Sonara amesema hajui sinema na hapo ndipo nakala nzuri inapoachana na mbovu.

Maandishi ni mistari miwili ya shairi katika herufi ziitwazo Tengwar. Kwenye nakala iliyofanywa kwa umakini mistari inatembea pande zote mbili, nje na ndani, na maneno ya ndani si marudio ya nje. Ukikuta mstari uleule umerudiwa, au herufi zimekatwa pale mwanzo unapokutana na mwisho kwa sababu saizi ya pete haikulingana na mchoro, hiyo ni ya kopi ya kopi. Angalia unene wa wino: mkunjo wa herufi unatakiwa uanze mwembamba, unenepe, uishe mwembamba. Za ovyo zina unene mmoja kama waya. Na umbo: pete ya filamu ni nene, imebenuka nje kama tumbo la mtungi na ndani pia imeviringwa. Nyingi za mtaani ni bomba lililokatwa, mgongo bapa.

Haya hayabadilishi bei ya madini. Yanabadilisha kama mpenzi wa filamu atakupa elfu kumi au elfu hamsini.

Fundi Redio

Mrejesho, siku mbili baadaye.

Chini ya herufi: kijivu. Nilipiga mswaki na sabuni ya vyombo, kijivu kilekile. Kwa lenzi ya jirani, baada ya 18K kuna sehemu pana kidogo, laini kuliko zingine. Siapi kwamba palikuwa na kitu, ila pametulia mno.

Nikaenda kwa sonara, mzee wa makamo. Hakutaka hata hadithi. Akaishika, akaipima kwa mkono, akacheka kabla hajachukua tupa. Tupa ikateleza, ule mlio wa kioo mliousema. Akanirudishia akasema, "Hii ni tangsteni, mwanangu, utazikwa nayo haijakwaruzika." Hakunitoza.

Kwa hiyo milioni mbili yangu imekuwa kijivu.

Bwana Kejeli

Angalau uzito ulikuwa wa kweli.

Geita Usiku

Jamaa umemwambia? Huyo ni wa kupeleka polisi, si wa kuongeza laki nne.

Fundi Redio

Nimemwambia. Nilijiandaa kwa ugomvi, haukutokea. Alikaa kimya muda mrefu, akaniomba nimwonyeshe zile herufi kwa lenzi. Kumbe naye aliinunua laki tatu na nusu kwa huyo mtu wa Uingereza, na kwa miaka saba amekuwa akiihesabu kama akiba ya kusomesha mtoto. Hakuivaa kila siku, alikuwa anaiweka kabatini na kuivaa harusini. Nilimwamini, kwa sababu mtu anayejua amekupa tangsteni hakuombi lenzi.

Polisi siendi. Ameandika makubaliano, analipa laki moja kila mwisho wa mwezi, ya kwanza nimeipokea leo. Pete amesema nikae nayo, hataki kuiona.

Sonara Mdogo

Umefanya utu. Ila jifunze kupima kabla ya kutoa hela, si baada. Ukija Tanga nakupimia bure.

Nakuru Filamu

Sasa Fundi, swali la kibiashara. Mistari ya nje na ndani ni tofauti?

Fundi Redio

Tofauti. Kijana wangu amelinganisha na picha za mtandaoni, anasema ya nje ni mstari wa kwanza na ya ndani ni wa pili, hakuna kilichokatwa. Na mgongo umebenuka, si bapa. Namba ya cheti haipo kwenye pete.

Nakuru Filamu

Basi ni nakala safi ya tangsteni yenye karatasi isiyo yake. Unauzaje?

Fundi Redio

Nakupa elfu hamsini, pamoja na kisanduku na mkufu.

Nakuru Filamu

Thelathini. Mkufu umeshageuka kijani, bila shaka.

Fundi Redio

Umejuaje? Arobaini, na nauli ya basi la Nairobi juu yako.

Nakuru Filamu

Thelathini na tano. Saizi gani?

Fundi Redio

Inaniingia kidole gumba tu.

Nakuru Filamu

Nitaining'iniza. Njoo inbox.